Mivule yangu inavimba ncha na kufa: nifanyeje?

Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina shamba la ekari mbili Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Masika yaliyopita nilipanda miche mia ya mvule sehemu ya wazi, kwa mistari, kama wanavyopanda mitiki pale Longuza. Ilishika vizuri. Baada ya miezi michache ncha zikaanza kufanya nundu za kijani, nundu zikapasuka zikaoza, na mche ukafa kuanzia juu kushuka chini. Mingine inachipua tena, halafu yanajirudia yale yale. Nimepiga dawa ya wadudu mara kadhaa, sioni nafuu. Jirani ananiambia mvule haulimwi, unajiotea wenyewe kwa kudra ya Mungu. Je, ni kweli? Na mbao zake bado zinastahili taabu hii, maana naambiwa zina mawe ndani?

Jibu: Shikamoo Mwalimu. Jirani yako amekosea, lakini hakukosea sana. Mvule unalimika. Kisicholimika ni shamba la mvule mtupu lililoachwa juani, na hilo ndilo ulilolianzisha. Hujapoteza kila kitu, na miche iliyobaki usiing'oe mpaka umalize kusoma.

Kinachoiua si udongo wala si ugonjwa uliotoka kwenye viriba. Ni mdudu. Wataalamu humwita Phytolyma. Ni mdudu mdogo mwenye mbawa, jamaa wa mbali wa vidukari, urefu wake milimita chache tu, na ukimwona juu ya jani unaweza kumpuuza. Hana habari na mchungwa wako wala mkorosho wa jirani. Maisha yake yote yanategemea mvule, ambao jina lake la kitaalamu ni Milicia excelsa, pamoja na ndugu yake mmoja anayeota Afrika Magharibi, Milicia regia. Mahali pasipo na miti hiyo, mdudu huyu hana pa kuishi.

Chukua wembe, tafuta nundu ambayo bado haijapasuka, uikate kwa urefu. Utomvu mweupe utachuruzika kwanza, upanguse. Utaona nyama laini iliyojaa maji, na katikati kuna kijumba. Ndani ya kijumba kuna tunutu bapa, rangi ya kijani hafifu au njano, ametulia ananyonya. Huyo ndiye mwenye nyumba. Mama yake alitaga mayai kwenye chipukizi changa, yai likaanguliwa, kitoto kikajipenyeza ndani ya tishu, na mmea wenyewe ukamjengea chumba kwa kuvimba kumzunguka. Anakaa humo analishwa na kulindwa mpaka akomae, kisha nundu inapasuka na yeye anaruka kwenda kutafuta chipukizi nyingine. Mzunguko wote huo ni suala la wiki chache.

Sasa madhara makubwa yanakuja baada ya mdudu kuondoka. Nundu iliyopasuka ni kidonda kibichi, chenye sukari na unyevu. Kuvu huingia humo, ncha inaoza, na uozo unashuka hadi unapokutana na sehemu ya shina iliyokwisha kukomaa na kuwa ngumu. Mche unachipua kutoka hapo chini, chipukizi mpya ni laini, na wadudu tayari wako shambani wanasubiri. Mche unaorudiwa hivyo mara tatu au nne unamaliza akiba yake ya mizizini. Ule usiokufa unabaki kichaka kifupi chenye vishina vingi visivyofaa hata fito.

Ndiyo maana dawa yako haikufanya kitu. Ulimpulizia mdudu aliyejifungia ndani ya nyumba. Dawa za kugusa zinaua wale wachache waliokuwa nje siku hiyo, na kesho yake wanatoka wengine. Zipo dawa zinazofyonzwa na mmea zikamfuata ndani, na kwenye kitalu kidogo zinaweza kusaidia, lakini kuzitegemea shambani kwa miaka yote ambayo mvule unahitaji kupita utoto ni kutupa pesa, na mimi sikushauri.

Ulitaja mitiki ya Longuza, na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mtiki unapandwa kwa mistari, umri mmoja, mti mmoja, ekari kwa ekari, na unanyooka bila wasiwasi. Ukiutazama, ni haki yako kujiuliza mvule wetu una kosa gani. Lakini mtiki hapa ni mgeni. Kwao ni India, Myanmar, Thailand na Laos, na uliletwa huku enzi za Wajerumani. Wadudu wengi wanaoufahamu vizuri walibaki huko. Mvule uko nyumbani, na adui yake naye yuko nyumbani.

Katika msitu wa asili hutakuta mivule kumi imesimama pamoja. Utakuta mmoja hapa, mwingine mbali kule, na katikati yao kuna miti ya aina nyingine chungu nzima. Kutawanyika huko ndiyo kinga yake. Mdudu anayetoka kwenye mche mmoja inabidi avuke majani mengi yasiyomfaa kabla hajapata mwingine, na wengi wao hawafiki. Wewe ukaweka miche mia, kila mmoja hatua chache kutoka kwa mwenzake, yote ikiwa na chipukizi laini kwa wakati mmoja. Aliyefika wa kwanza hakuhitaji kutafuta tena.

Si mvule peke yake. Mkangazi, ambao watu wengi wanaufahamu kama mahogani ya Afrika, unatobolewa ncha na kiwavi wa nondo aitwaye Hypsipyla ukipandwa kwa mtindo huo huo. Na mfano mkubwa kuliko yote ni mpira wa Amazon. Henry Ford, yule wa magari, mwaka 1928 alianzisha mji na shamba kubwa la mpira huko Brazil, akauita Fordlândia, katika nchi ambayo mti wa mpira ndiko ulikotoka. Kuvu wa majani ambaye msituni alikuwa akisumbua mti mmoja mmoja alikuta miti imesogeleana, akaimaliza. Shamba lile lilirudishwa kwa serikali ya Brazil mwaka 1945. Wakati huo huo mti ule ule ulikuwa ukistawi Malaya (Malaysia ya leo), ng'ambo ya bahari, ambako kuvu yule hakuwa amefika. Kwa hiyo usiwaonee wivu wa Longuza. Wao wanalima mgeni, wewe unalima mwenyeji, na mwenyeji ana kanuni zake.

Kanuni ya kwanza ni kivuli cha wastani utotoni. Mche wa mvule ulio juani kabisa hukua haraka na kutoa chipukizi nyingi laini, na huko ndiko mashambulizi yanakokuwa makali zaidi. Ukiuweka kwenye giza la msitu mzito nao unadumaa, kwa sababu mvule kwa asili yake ni mti wa mwanga, huota penye uwazi ambapo mti mkubwa umeanguka au kwenye shamba lililoachwa. Unachokitafuta kiko katikati: jua lipenye vipande vipande, mche uone anga lakini usikae uchi. Kwako Muheza njia nyepesi kuliko zote ni migomba. Panda migomba kwanza, iache isimame, kisha weka mvule kati yake. Migomba inakupa kivuli mapema, inakulisha, na ukitaka kuongeza mwanga unapunguza majani au mashina bila kumwomba mtu ruhusa. Gilirisidia nayo inafaa, hasa kama unataka kupandishia pilipili manga. Mkenge ni mzuri kwa kivuli cha muda mrefu na unarutubisha udongo.

Mti mmoja nakukataza: msizi, Maesopsis eminii. Unakua haraka na kivuli chake ni kizuri, na mtu yeyote wa vitalu atakushauri uupande. Lakini uliletwa Amani mwanzoni mwa karne iliyopita, hondohondo wakala matunda yake na kutawanya mbegu, na umeingia ndani ya msitu wa asili wa Usambara Mashariki kiasi kwamba wahifadhi wanahangaika nao mpaka leo. Usiongeze.

Kanuni ya pili ni nafasi. Mivule iwe michache kwa ekari na miti mingine iwe mingi. Mimi ningeweka mita kumi na tano kati ya mvule na mvule, ambayo ni miti kama kumi na minane kwa ekari. Unaweza kuona ni michache, hasa wewe uliyezoea mia, lakini mvule mkubwa una kichwa kipana na hata kama yote mia ingepona ungelazimika kuikata mingi baadaye. Katikati ya hiyo kumi na minane jaza utakavyo: migomba, kakao, pilipili manga, mdalasini, michungwa pembeni penye jua. Watafiti wa Ghana, ambao ndio waliochunguza tatizo hili kwa muda mrefu zaidi, walipanda mvule pamoja na Terminalia superba badala ya kuupanda peke yake. Na wakulima walifika huko kabla ya watafiti. Busoga, mashariki mwa Uganda, mivule mikubwa ilikuwa ikisimama katikati ya kahawa na migomba, mmoja mmoja, na hakuna aliyekuwa akiipulizia chochote.

Kanuni ya tatu inakuhusu wewe moja kwa moja, kwa sababu una kitu ambacho mwenye kuanza upya hana: miche iliyokwisha kupita kwenye moto. Pita mstari kwa mstari uitazame vizuri. Karibu hakika utakuta michache ambayo haikuvimba kabisa, au ilivimba kidogo tu kwenye majani, vinundu vidogo vigumu ambavyo havikupasuka. Hiyo ina ukinzani wa kuzaliwa nao. Mdudu ameingia, lakini mmea haukumjengea nyumba, akafia humo. Ukinzani huu upo kweli. Huko Ghana ndio wanaouchagua na kuuzalisha. Ifunge kamba ya rangi, itunze kuliko mingine yote, na ukitaka kuongeza miti, chukua vipandikizi kutoka kwa hiyo. Mvule hushika kwa vipande vya mizizi na vya mashina machanga, ingawa vya mti mzee ni vigumu. Kama ungeniuliza mia yako imekupa faida gani, ningekwambia umefanya mchujo ambao kituo cha utafiti kingeufanya kwa gharama.

Iliyobaki yenye nundu usiihukumu upesi. Kata ncha zenye nundu kabla hazijapasuka, chini kidogo ya uvimbe, na uzifukie au uzichome; ukizitupa pembeni ya shamba wadudu watatoka na kurudi. Ikichipua, acha chipukizi moja iliyonyooka na yenye nguvu, nyingine ziondoe zikiwa bado fupi. Halafu usiiache wazi tena. Chomeka migomba mapema, na wakati migomba inakua, hata mihogo au mbaazi upande wa magharibi zitaipunguzia jua la mchana. Baada ya mwaka chagua mche mmoja bora kila baada ya mita kumi na tano, ile isiyofaa itoe. Hutahitaji mia.

Mvule ukishainua kichwa na shina likakomaa, hatari kubwa imepita. Mdudu hatahama, ukichungulia majani ya mvule mkubwa utakuta nundu mara nyingi. Lakini mti wenye maelfu ya chipukizi haufi kwa kupoteza mia mbili.

Hukuniuliza kuhusu mbegu, ila naamini utauliza, kwa hiyo nijibu kabisa. Mvule una dume na jike, miti miwili tofauti. Dume hutoa vikia vyeupe virefu vinavyoning'inia, hufika hata sentimita ishirini, na vikidondoka hutapakaa chini ya mti. Hivyo havina mbegu, usijisumbue kuviokota. Jike hutoa tunda nene la kijani, refu kama kidole, lenye sura ya kiwavi aliyeshiba, na lililoiva linalainika. Mvule ni wa ukoo mmoja na mforosadi, mfenesi, mshelisheli na mkuyu, na ukilipasua tunda lake utauona undugu na la mforosadi. Kwa hiyo ukiona mvule mkubwa usiozaa kamwe, huenda ni dume, au ni jike lisilo na dume karibu. Mahali ambapo wapasuaji wamebakiza mti mmoja mmoja kwa umbali mkubwa, usitegemee mbegu nzuri.

Anayejua msimu kuliko mimi na wewe ni popo. Popo wakubwa wanaokula matunda ndio wapanzi wakuu wa mvule. Hula tunda, huruka, na kuziangusha mbegu mbali na mama. Ukisikia kelele za popo usiku juu ya jike la mvule, kesho asubuhi na mapema nenda ukaokote. Nimesema mapema kwa sababu tunda likilala chini siku mbili tatu, wadudu na uchachu vinakutangulia. Safisha eneo chini ya mti kwanza, au tandika turubai.

Loweka matunda kwenye ndoo usiku kucha, yapondeponde kwa mkono, kisha chuja kwa kitambaa au chekecheo la matundu madogo. Mbegu ni ndogo mno, milimita mbili hivi. Kilo moja ina zaidi ya laki nne. Zianike kivulini juu ya gazeti, kamwe si juani. Panda mapema uwezavyo. Ukizikausha vizuri na kuziweka kwenye chombo kisichoingiza hewa mahali pa baridi zitadumu, lakini zikikaa kwenye bahasha mezani uotaji unashuka haraka.

Kitalu chake kinataka mkono mwepesi. Changanya mchanga na udongo wa msituni, nyunyiza mbegu juu, funika kwa mchanga laini kiasi cha kuzificha tu, mwagilia kwa matone madogo. Kopo lililotobolewa kwa msumari mwembamba linatosha, ila mpira wa maji utazifukua zote. Weka chanja ya majani juu. Wiki mbili hadi tatu utaona kijani. Miche ikitoa majani manne hivi, hamishia kwenye viriba virefu, kwa sababu mzizi mkuu wa mvule hushuka haraka na kiriba kifupi kitaupinda. Ukiona majani machanga yana vinyweleo na kingo zenye meno, usifikiri umepewa mti mwingine. Mvule mtoto na mvule mzima hawafanani majani.

Kitalu kifunike kwa chandarua chenye matundu madogo. Nundu zikianzia kitaluni, unapeleka shambani mche pamoja na mdudu wake. Nadhani huko ndiko baadhi ya miche yako ilikopata tatizo, kwa maana umesema ncha zilianza kuvimba miezi michache tu baada ya kupanda.

Wapo wanaopanda kwa visiki: mche unalelewa kitaluni mpaka shina linenepe kama kidole gumba, kisha unakatwa juu na kubaki sentimita chache, mzizi nao unapunguzwa, na kinachopandwa ni kipande hicho ambacho bado hakijachipua. Kina akiba nyingi chini, kinasukuma chipukizi nene kwa kasi. Kwa mvule ni njia nzuri, na kisiki kinasafiri vizuri kuliko kiriba.

Kuhusu mahali, uko pazuri. Mvule unapenda nchi za chini hadi mita kama 1,300 juu ya usawa wa bahari, mvua ya milimita 1,100 kwa mwaka na kuendelea, udongo mzito wenye kina lakini unaopitisha maji. Haupendi kabisa kusimama majini. Kama ekari zako zina bonde linalotuamisha maji wakati wa masika, huko weka magimbi.

Sasa muda, na hapa sitakupamba. Mvule katika miaka ya kwanza unashughulika na mizizi kuliko shina, na hata ukishachangamka, sentimita moja ya unene kwa mwaka ni ukuaji wa kuridhisha. Mbao nzuri ni za kiini, na kiini kinahitaji mti mnene. Tunazungumzia miaka hamsini na zaidi. Wewe ni mstaafu, kwa hiyo hesabu unaijua. Atakayepasua mivule hii ni mjukuu, na ndiyo sababu nyingine ya kutoijaza shamba zima. Pilipili manga, ndizi na kakao ndivyo vitakavyokulipa wewe.

Mbao zake zinastahili, tena sana. Kiini kikiwa kimepasuliwa karibuni ni cha njano, kikikaa kwenye mwanga hugeuka hudhurungi ya dhahabu. Mchwa hakigusi kirahisi, kuvu hakiozeshi, hakipindi ovyo kikikaushwa vizuri. Ndiyo maana pwani yote mvule umekuwa mbao ya milango, fremu, vitanda na vyombo vya baharini. Huko Afrika Magharibi ni ule ule, Wayoruba wanauita iroko na Waghana odum, na soko la Ulaya linaujua kwa jina hilo la kwanza. Ila angalia: sifa zote hizo ni za kiini. Sehemu nyeupe ya nje huliwa na fukusi mara moja, na fundi anayekuuzia fremu yenye mstari mweupe anakuuzia tatizo. Vumbi lake nalo ni kali. Huwasha ngozi, huchokoza macho na pumzi, na kuna mafundi wamelazimika kuacha kabisa kulifanyia kazi. Asiyevaa barakoa atajuta.

Na mawe? Ni kweli yapo. Si hadithi ya wapasuaji. Hutokea ndani ya shina, mara nyingi pale mti ulipojeruhiwa, na ni chokaa ngumu, yaani kalisi kaboneti, ile ile ya chokaa ya kujengea. Msumeno ukikutana nalo hupoteza meno, na ndiyo sababu baadhi ya wapasuaji hugonga gogo na kulisikiliza kabla ya kuanza. Jiwe linaweza kuwa dogo kama kokoto au kubwa kuliko ngumi, na halionekani kwa nje. Halipunguzi ubora wa mbao inayolizunguka.

Lakini jambo la kuvutia zaidi liko chini, kwenye udongo. Mvule hutengeneza ndani ya tishu zake chumvi iitwayo kalisi oksaleti, ambayo kaboni yake ilitoka hewani. Majani, magome na matawi yakianguka, bakteria na kuvu wa udongoni hula oksaleti hiyo, na kinachobaki ni kalisi kaboneti. Watafiti waliopima udongo chini ya mivule huko Ivory Coast walikuta chokaa imejikusanya kuzunguka shina na udongo umekuwa wa alikali, wakati hatua kadhaa kutoka hapo udongo ule ule ni wa tindikali na hauna chokaa kabisa. Udongo wetu mwingi wa kitropiki ni wa tindikali na watu hununua chokaa kuurekebisha. Mvule unaifanya kazi hiyo pole pole bila kutumwa, na kaboni iliyogeuka chokaa hukaa ardhini muda mrefu kuliko ile ya majani yanayooza. Usije ukategemea hili kama mbolea, linachukua miongo, lakini usizoe majani yake. Yaache hapo hapo.

Mwisho kuna suala la sheria, ambalo wapandaji wengi wanalikumbuka siku ya kukata. Mvule umeliwa sana. Mwaka 1998 Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, liliuweka miongoni mwa miti inayokaribia kuwa hatarini. Kwa hiyo usishangae ukiulizwa maswali, hata kama mti umeupanda kwa mikono yako. Kabla ya kuangusha mti nenda kwa afisa misitu wa wilaya, na gogo au mbao haziruhusiwi kusafirishwa barabarani bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na kugongwa alama kwa nyundo ya misitu. Tatizo la mtu aliyepanda mwenyewe ni kuthibitisha kwamba alipanda. Anza leo: nenda ofisi ya kijiji na kwa afisa misitu, waeleze umepanda, waombe waandike idadi, mwaka na mahali, na wewe ubaki na nakala. Piga na picha za miche ikiwa midogo, migomba ikionekana nyuma yake. Karatasi hiyo iweke pamoja na hati ya shamba, kwa sababu atakayeihitaji ni yule mjukuu.